Amka mapema uone theluji ukiwa Ruiru: Jinsi ya kuupiga picha Mlima Kenya ungali mweupe

Ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, wiki ya kwanza ya Januari. Umebanwa ndani ya matatu ya kutoka Ruiru ukielekea darasani Juja. Kondakta anadai nauli, redio inapiga kelele, na kichwa chako kimeinama kwenye simu kama cha kila mtu mwingine humo ndani.

Hebu inua macho sekunde tano tu. Tazama mbele, upande wa kushoto wa barabara, juu ya mabati na matangi ya maji. Pale mbali, mahali ambapo kwa kawaida kuna weupe wa mawingu tu, leo kuna jino. Jino jeusi lenye ncha mbili, na mabegani mwake kuna kitu cheupe kinachomeremeta kwa jua.

Hiyo ni theluji. Theluji kabisa, umbali wa kilomita 117 hivi kutoka hapo ulipokaa, na hujalipa hata shilingi ya kuiona.

Ukifika Juja, mlima bado utakuwepo. Ukitoka darasani saa nne, utakuwa umeshajifunika. Na ukimwambia rafiki yako kwamba umeona theluji ukiwa Thika Road, atakuuliza ulikunywa nini jana.

Basi mpelekee picha. Makala haya ni ya kukusaidia kuipata hiyo picha, na kukueleza kwa nini usiingoje mwaka kesho.

Usidanganywe na baridi ya Julai

Wengi hudhani kwamba wakati wa kuona theluji ni Juni hadi Agosti, kwa sababu ndipo tunapovaa masweta na majaketi. Ni kinyume. Julai huku Kiambu ni mwezi wa ukungu na wingu zito la kijivu lililoketi juu ya paa kuanzia asubuhi hadi jioni. Mlima upo, ila wewe uko chini ya blanketi. Unaweza kukaa wiki tatu bila kuuona.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Kule juu hakuna msimu mmoja wa theluji kama Ulaya. Theluji huweza kuanguka mwezi wowote, na hasa wakati wa mvua, kwa sababu mvua inayokulowesha Ruiru ndiyo hugeuka theluji ikifika karibu na vilele. Kwa hivyo unachotafuta ni mambo mawili kwa pamoja: mlima uliopata mvua juzijuzi, na hewa safi huku chini.

Mambo hayo hukutana mara nyingi Desemba na mwanzo wa Januari, mvua za vuli zinapoisha. Mlima ni mweupe, vumbi limeoshwa, anga ni samawati. Kufikia mwisho wa Februari, kiangazi kikikolea, utauona mlima siku nyingi tu lakini mara nyingine ni mweusi tititi, na katikati yenu kuna pazia la vumbi na moshi.

Siku bora kuliko zote ni asubuhi ya baada ya mvua ya usiku. Ukisikia mvua ikipiga mabati saa tatu usiku kisha ikakatika, weka alamu ya saa kumi na moja. Ukiamka, toka nje uangalie nyota. Kama unaziona hadi chini kabisa upande wa kaskazini, vaa viatu. Kama kaskazini ni giza tupu lisilo na nyota, rudi ulale. Hutakuwa umekosa kitu.

Na usichelewe. Januari jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Una saa moja na nusu hivi ya hewa tulivu. Ikifika saa tatu au saa nne, mawingu huanza kupanda kutoka msituni na kuuvisha mlima shuka. Shosho yangu, ambaye ameishi upande wa Murang'a maisha yake yote, alikuwa akichungulia mlima kabla ya kuanika mahindi, na hakuwahi kuutafuta baada ya chai ya saa nne. Alisema saa hizo "mwenyewe ashaenda kulala."

Uko upande gani hasa?

Kosa la kwanza la watu wengi, na lilikuwa langu pia, ni kupiga picha mlima usio wenyewe.

Ukisimama Ruiru au Thika, kuna milima mitatu inayoweza kukuchanganya. Ule ulio karibu, upande wa mashariki, wenye mgongo mrefu na miti mingi, ni Kilimambogo. Una mita 2,145 na hauna theluji hata siku moja. Upande mwingine, kaskazini kuelekea magharibi, kuna safu ndefu ya buluu: hiyo ni Nyandarua. Kilele chake kirefu zaidi, Satima, kina mita 4,001. Ni mirefu kweli, lakini haina barafu ya kudumu.

Mlima Kenya uko katikati ya hiyo miwili. Fungua dira ya simu yako. Ukiwa Thika, tafuta nyuzi 15 hivi, yaani kaskazini ukisogea kidogo kulia. Ukiwa Ruiru, tafuta 19 au 20. Utaona mteremko mpana mno, wa polepole, kama sahani iliyofunikwa, na katikati yake lile jino. Ncha ndefu ni Batian, mita 5,199. Jirani yake ni Nelion, mita 5,188. Majina hayo mawili ni ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai. Lenana, ambako wapanda mlima wengi huishia, ni mita 4,985, na ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru mwaka 1963.

Sasa jiandae kisaikolojia: mlima utakuwa mdogo. Nyoosha mkono wako mbele na uinue kidole gumba. Ukiwa Thika, mlima mzima juu ya upeo haufiki upana wa kidole hicho. Sehemu yenye weupe ni kama nusu ya ukucha wa kidole chako cha mwisho. Macho yako huukuza kwa sababu ubongo unashtuka, lakini kamera haina mshtuko. Ndiyo sababu picha yako ya kwanza itaonyesha anga kubwa, mabati mengi, na kitu kama punje ya mchele pale mbele.

Pa kusimama bila kujiletea balaa

Unahitaji urefu na upande wa kaskazini ulio wazi. Kwa wengi wetu hiyo inamaanisha juu kabisa kwenye fleti, kule kwa kamba za nguo. Zungumza na keateka mapema, jana yake, si saa kumi na moja alfajiri. Mwambie unachotafuta. Keateka wengi wanaujua mlima kukuliko, kwa sababu wao ndio huamka kwanza kufungulia maji.

Madaraja ya wapita njia ya Thika Road pia yanafaa, hasa kati ya Ruiru na Juja. Ila daraja hutikisika lori likipita chini, na alfajiri si saa ya kusimama peke yako ukiwa umenyoosha simu ya bei. Nendeni wawili: mmoja apige, mwingine aangalie nyuma. Usithubutu kusimama ukingoni mwa barabara yenyewe. Hakuna picha inayostahili hiyo.

Ukivuka Thika ukashika barabara ya Kenol, majengo hupungua na mlima hujitanua. Huko kuna mashamba makubwa ya mananasi, na mstari wa mananasi unaoelekea kwenye theluji ni picha ambayo Mzungu hawezi kuipata kwao. Lakini piga ukiwa kwenye barabara ya umma. Mashamba ya watu yana walinzi na mbwa, na "nilikuwa napiga picha tu" si kibali.

Ukiwa na siku nzima na nauli kidogo zaidi, kuna Kilimambogo kwenyewe. Ni mbuga ya taifa tangu 1967 na iko umbali mfupi kutoka mjini Thika kupitia barabara ya Garissa. Siku ya hewa safi, ukiwa kileleni unaweza kuona Mlima Kenya upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Jina lenyewe linakuonya kuna nini msituni: mbogo. Usipande kwa miguu bila askari wa wanyamapori.

Simu yako inatosha, ila itumie vizuri

Anza na jambo dogo: futa lenzi. Hiyo lenzi imekaa mfukoni na chenji na makombo ya mandazi. Mafuta ya kidole yakichanganyika na jua la asubuhi hugeuza mlima kuwa moshi.

Pili, usipige kupitia kioo cha dirisha. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, nikiwa nimejifunika blanketi kwa uvivu wa kutoka nje. Nilituma picha kwenye grupu ya familia nikijisifu. Jibu la kwanza lilikuwa: "Hiyo ni wingu, ama ni balbu ya jikoni?" Ilikuwa balbu. Imejiakisi kwenye kioo.

Tatu, jua zumu ya simu yako. Kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta karibu mara tatu au mara tano, itumie hiyo. Zaidi ya hapo simu haivuti, inapanua tu vipunje vya picha na kukupa uji. Ni afadhali upige kwa ukubwa halisi kisha ukate baadaye.

Nne, tuliza mkono. Egemeza simu ukutani au juu ya tangi, weka kipima muda cha sekunde tatu, kisha uachilie. Ukivuta karibu, hata kupumua kunatikisa mlima.

Tano, na hili ndilo wengi hukosea: gusa mlima kwenye skrini, kisha shusha mwangaza kidogo. Simu ikiona mabati na barabara iliyo gizani, hujaribu kuangaza kila kitu, na theluji inaungua, inakuwa doa jeupe lisilo na umbo. Ukishusha, utaona mikunjo: upande wa kulia, unaopigwa na jua, unang'aa, na wa kushoto una kivuli cha samawati. Hiyo ndiyo tofauti ya theluji na wingu.

Sita, weka kitu mbele. Mlima peke yake, mdogo hivyo, haumwambii mtu kitu. Lakini mlima nyuma ya kamba ya nguo zilizoanikwa, nyuma ya tangi jeusi la maji, nyuma ya matatu inayoshusha watu, huo unamwambia mtu kwamba ni hapa, kwetu, si Uswisi. Hutahitaji maelezo.

Na kama una kamera, au unaweza kukodi lenzi kwa siku badala ya kununua, tafuta ya milimita 200 hadi 400. Kwa lenzi ya 400 kwenye kamera ya sensa kubwa, mlima ukiwa Thika hujaza karibu nusu ya kimo cha picha. Kwa kamera ndogo, hata 250 inatosha. Piga mapema kabla jua halijachoma mabati, kwa sababu joto likianza kupanda kutoka kwenye paa, hewa hucheza na kilele kinatetemeka kama kiko ndani ya maji.

Piga picha 20, si mbili. Kati ya hizo, moja itakuwa kali.

"Hiyo ni fotoshopu"

Ukishaiposti, jitayarishe kwa maoni. Mwaka 2020, wakati wa Corona, picha ya majumba ya Nairobi yakiwa na Mlima Kenya mkubwa nyuma yake ilisambaa sana mtandaoni. Wakenya wengi walisema ni fotoshopu. Haikuwa. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo, watu wa Jalandhar, India, walikuwa wakipanda juu ya paa zao kuona milima ya Himalaya, ambayo moshi wa magari na viwanda ulikuwa umeificha kwa miaka mingi.

Kwa nini picha ya Nairobi ilionekana ya uongo? Kwa sababu ya umbali. Ukisimama karibu na jumba, jumba ni kubwa na mlima ni punje. Ukirudi nyuma kilomita kadhaa, jumba linapungua sana, lakini mlima, ulio kilomita 130 na zaidi, haupungui hata kidogo machoni pako. Sasa ukivuta vyote viwili kwa lenzi ndefu, mlima unasimama mkubwa nyuma ya jumba. Hakuna kilichoongezwa. Ni miguu tu ya mpiga picha iliyotembea. Unaweza kujaribu mwenyewe: mpige rafiki yako akiwa hatua tano kutoka kwako, kisha hatua mia moja, na mlima nyuma yake.

Kutoaminika huku si jambo geni. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf, yule aliyetutungia kamusi ya mapema ya Kiswahili, alikuwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Anga lilipofunguka aliona mlima wenye pembe mbili nyeupe. Mwaka mmoja kabla yake, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameona theluji ya Kilimanjaro. Wasomi wa London, wakiongozwa na mtu aliyeitwa Cooley, walicheka. Theluji kwenye ikweta? Walikuwa hawajawahi kukanyaga huku, lakini walijua.

Bila shaka Wakamba, Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakuhitaji kuthibitishiwa. Wakikuyu waliita mlima huo Kĩrĩnyaga na walipoomba waliuelekea. Nchi yako nzima ilipata jina kutokana na mlima huo. Lakini Krapf hakuwa na kamera, na neno lake lilibaki neno tu kwa miaka mingi. Mwaka 1883 mvumbuzi Joseph Thomson aliuona pia. Mwaka 1899 Halford Mackinder akafika kilele cha Batian na waongoza njia wawili wa Alps, Ollier na Brocherel, na msafara wake ukarudi na picha.

Hizo picha za 1899 zina kazi kubwa leo kuliko zilivyokuwa nazo wakati huo. Na hapo ndipo utani unapoisha.

Hicho cheupe kinakwisha

Tutofautishe vitu viwili. Theluji ni ile iliyoanguka jana usiku, ambayo jua linaweza kuiyeyusha kabla ya saa sita. Barafu ya kudumu ni ile iliyojikusanya kwa mamia ya miaka, ikashikamana, ikawa nene na kuanza kuteremka polepole mlimani. Unachoona ukiwa Ruiru asubuhi ya baada ya mvua, sehemu kubwa ni theluji mpya. Barafu ya kudumu imejificha mabondeni kati ya miamba.

Mwanzo wa karne iliyopita zilihesabiwa barafu 18 kwenye Mlima Kenya. Nyingi zimebaki jina tu kwenye ramani. Lewis, iliyo kubwa kati yake na iliyochunguzwa kuliko nyingine yoyote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Wanasayansi waliopima kwa picha za setilaiti walipata kwamba kufikia 2021, barafu yote ya Mlima Kenya, yote kwa jumla, ilikuwa imebaki kilomita mraba 0.069.

Namba hiyo haisemi kitu mpaka uigeuze. Ni ekari 17. Ni viwanja kumi hivi vya kandanda. Umewahi kutembea ndani ya mtaa mmoja wa nyumba za kupanga Ruiru ukapotea njia? Basi huo mtaa huenda ni mkubwa kuliko barafu yote iliyobaki juu ya mlima ulioipa nchi jina.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba Mlima Kenya unaweza kuishiwa na barafu yake ndani ya miaka ya 2030. UNESCO, ambayo imeuweka mlima huu kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1997, ilisema mwaka 2022 kwamba barafu za maeneo ya urithi barani Afrika huenda zikaisha kufikia 2050. Piga hesabu ya umri wako. Ukiwa na miaka 20 leo, unaweza kuwa na mtoto wa darasa la tatu ambaye barafu ya Mlima Kenya kwake ni hadithi, kama kifaru mweusi wa Thika.

Tusitie chumvi pia. Barafu ikiisha, mito haitakauka kesho yake. Maji mengi ya Tana, na yale yanayomwagilia mpunga wa Mwea unaokupa pishori, hutoka kwenye mvua na msitu unaoishika hiyo mvua. Msitu ukifyekwa, hapo ndipo tutalia. Na theluji mpya itaendelea kuanguka kule juu baada ya dhoruba, angalau kwa muda. Lakini dunia ikizidi kupata joto, asubuhi za mlima mweupe zitapungua, na hakuna atakayetangaza kwenye habari ya saa moja kwamba ya leo ilikuwa ya mwisho.

Kuna kinachoisha upande wetu pia. Nilipohamia Ruiru, dirisha langu la kaskazini lilikuwa na mlima. Nilikuwa nauona nikipiga mswaki. Kisha ploti ya jirani ikachimbwa msingi, wiki hadi wiki ikapanda, na leo ninachoona nikipiga mswaki ni jiko la mtu wa ghorofa ya nne. Simlaumu, naye anahitaji pa kuishi kama mimi. Lakini katika miaka yote niliyokuwa na lile dirisha, nilipiga picha nzuri moja tu. Nilidhani mlima hauendi popote.

Usiipambe, itunze

Kwa hiyo nakuomba mambo manne.

La kwanza, usiongeze theluji. Programu za simu siku hizi zinaweza kukuwekea anga jipya, kukuza mlima mara mbili na kuupaka weupe hadi mteremkoni. Itapata laiki. Lakini mtu akitaka kujua miaka 15 ijayo mlima ulikuwaje, picha yako itakuwa uongo kati ya nyingine nyingi, na wale wa "fotoshopu" watakuwa na haki. Kupunguza ukungu kidogo na kuongeza utofauti wa mwanga na kivuli si dhambi. Kuhamisha mlima ni dhambi.

La pili, hifadhi faili halisi. WhatsApp huibana picha na kufuta habari zilizomo ndani. Weka ile ya awali mahali pengine, na uandike tarehe, saa na mahali uliposimama. "Juu ya fleti, Kimbo, ghorofa ya tano, tarehe fulani, saa moja kasorobo." Mstari mmoja tu.

La tatu, rudi palepale. Simu yako haiwezi kupima barafu kutoka kilomita 100, tusidanganyane. Inachoweza ni kuhesabu: asubuhi ngapi mwezi huu mlima ulionekana, na ngapi kati ya hizo ulikuwa mweupe. Mkiwa wanafunzi kumi wa Juja, Thika na Ruiru mkifanya hivyo miaka mitano mfululizo, mtakuwa na rekodi ya hewa yetu na mlima wetu ambayo mtu akikaa Ulaya hawezi kuipata.

La nne, ukishaipata picha kali, kabla ya kuiposti mtumie mtu mmoja mzee wa kwenu. Mimi nilimtumia shosho ile yangu moja, kupitia simu ya binamu. Aliitazama kwa muda, binamu akaniambia, kisha akauliza kama nimeikata.

"Hapana, shosho, ni hivyo ilivyo."

"Basi imekonda," akasema. "Nikiwa msichana, nyeupe ilikuwa inashuka hadi hapa." Na akaweka kidole kwenye skrini, chini kabisa ya mahali ambapo kwangu ni mwamba mtupu.

Huenda alikumbuka asubuhi moja ya baridi kali, huenda alikumbuka nyingi. Hakuna picha ya kumwamulia. Hakuna aliyesimama pale na kamera.

Leo usiku, kama mvua itanyesha, weka alamu.